Portia Alikuwa wa Nani? Ndoa ya Kirumi kwa Msomaji na Mwandishi wa Riwaya ya Kihistoria

Wengi wetu tulimkuta mwanamke wa Kirumi kwa mara ya kwanza darasani, katika Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare. Wanawake wenye majina mle ndani ni wawili tu, Calpurnia na Portia, na hawakai jukwaani muda mrefu. Lakini Portia ana neno moja ambalo sisi wanafunzi tulilipita mbio. Anapombembeleza mumewe Brutus amweleze siri inayomkosesha usingizi, hatosheki kusema kwamba yeye ni mkewe. Anaongeza kwamba ni binti wa Cato, mwanasiasa mashuhuri wa Roma. Tulidhani ni maringo ya mtoto wa kishua.

Kumbe hapo ndipo penye fundo. Katika Roma ya karne ya kwanza kabla ya Kristo, ukimuuliza mwanamke aliyeolewa "wewe ni wa nani?", jibu la kisheria kwa kawaida lilikuwa jina la baba. Mume alikuwa mume, analala naye, anakula naye, anazaa naye, lakini mbele ya sheria mke aliweza kukaa naye miaka 20 akabaki mtu wa nyumba nyingine. Riwaya nyingi zinazowekwa Roma huteleza hapa. Zinatupa mume katili anayemmiliki mkewe, anayeuza mashamba ya mke apendavyo na kumfungia mlango asiondoke. Huyo si mume wa Kirumi wa zama za Cicero, yule msemaji na mwanasiasa wa karne hiyo. Huyo ni mume wa Uingereza ya karne ya 19 aliyevikwa toga.

Tulifungue fundo taratibu, maana lina nyuzi nyingi na ncha yake iko kwa baba.

Warumi walikuwa na neno paterfamilias, na kulitafsiri "baba wa familia" ni kulipunguza. Ni mwanamume mkubwa kuliko wote walio hai katika mstari wa kiumeni: baba, au babu kama bado yupo. Wote walio chini yake, wana, mabinti na wajukuu wa wanawe, walikuwa katika mamlaka yake mpaka afe au awatoe kwa utaratibu maalumu. Mtoto wa kiume wa miaka 40, mwenye cheo serikalini na watoto wake mwenyewe, hakuwa na mali kisheria ikiwa baba yake yu hai. Alichokuwa nacho ni akiba aliyoruhusiwa kuishika. Kwa hiyo unapoandika binti anayedhibitiwa na baba, kumbuka kaka yake naye amefungwa kamba ileile. Kuna ile mamlaka ya kuua mtoto ambayo waandishi huipenda sana. Ilikuwepo katika sheria, lakini baba anayemchinja binti ukurasa wa 3 ni kioja hata kwa Warumi wenyewe.

Hata jina lilikuwa la baba. Binti wa Marcus Tullius Cicero aliitwa Tullia, yaani jina la ukoo likigeuzwa la kike, basi. Akizaliwa wa pili naye ni Tullia, na watu huwatenganisha kwa kusema mkubwa na mdogo, au wa tatu kama wapo watatu. Mark Antony alikuwa na mabinti wawili kwa Octavia, wote Antonia. Publius Clodius alikuwa na dada watatu, wote Clodia. Mwandishi wa riwaya anayetaka kuwaweka dada hao kwenye karamu moja ana kazi, na ninaelewa kwa nini wengi huwabunia majina ya utani. Muhimu ni kwamba mwanamke akiolewa jina halibadiliki. Mke wa Cicero alikuwa Terentia, akabaki Terentia. Kwa msomaji wa pwani hili si geni: bibi harusi wa Kiislamu naye hubaki binti Fulani, na mali yake hubaki yake.

Mkono

Hapo kale mambo hayakuwa hivyo. Kulikuwa na ndoa iliyomhamisha mwanamke moja kwa moja kutoka nyumba ya baba hadi ya mume, na Warumi waliiita ndoa ya manus, mkono. Mke akiingia mkononi mwa mume alihesabiwa kama binti yake: mali aliyokuwa nayo ikawa ya mume, lakini pia akarithi pamoja na watoto wake mwenyewe kana kwamba ni dada yao. Njia za kuingia mkononi zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa ibada ya mkate wa ngano iliyohusu hasa familia za makuhani wakubwa. Ya pili ilikuwa mauziano ya kuigiza mbele ya mashahidi na mzani. Ya tatu ndiyo inayonichekesha: kukaa tu. Mwanamke akikaa na mume mwaka mzima bila kukatika, amekuwa wake kisheria, kama vile mtu anavyopata kitu kwa kukitumia muda mrefu.

Na dawa yake ikawa ndani ya sheria hiyohiyo. Sheria za Mbao Kumi na Mbili, zilizoandikwa karibu mwaka 450 K.K., zilisema mwanamke asiyetaka kuingia mkononi alale nje ya nyumba ya mume usiku tatu mfululizo kila mwaka. Basi hesabu inaanza upya. Fikiria mke anayefunga kifurushi chake mara moja kwa mwaka, anakwenda kwao siku tatu, anarudi, na hakuna aliyegombana na mtu. Sijui kwa nini tukio hili halijai kwenye riwaya.

Kufikia zama za Julius Caesar, ndoa isiyo na mkono ilikuwa ndiyo desturi. Mwanasheria Gaius, aliyeandika katika karne ya 2 B.K., anaitaja ile njia ya kukaa mwaka mzima kama jambo lililokwisha kufutwa, nusu kwa sheria na nusu kwa kuachwa tu.

Mahari iliyogeuka

Msomaji wa Kiswahili akisikia mali ya harusi anawaza mahari: mwanamume anatoa, upande wa mwanamke unapokea. Roma ilikuwa kinyume. Aliyetoa ni baba wa bibi harusi, na aliyepokea ni mume. Mali hiyo waliiita dos. Mume aliitumia kulisha nyumba ndoa ikiwa hai, lakini ndoa ikivunjika alidaiwa kuirudisha. Kama talaka ilisababishwa na mke au baba yake, mume aliweza kuzuia sudusi moja ya dos (sehemu moja ya sita) kwa kila mtoto, zisizidi tatu. Sasa mpe mhusika wako mume aliyekwisha kutumia fedha za mkewe kwenye kampeni za uchaguzi, kisha mke atishie kuondoka. Hapo mwenye kutoka jasho ni nani?

Nje ya dos, mali ya mke haikuchanganyika na ya mume. Hata zawadi kubwa baina yao hazikutambuliwa na sheria. Mwaka 58 K.K. Cicero alikuwa uhamishoni, nyumba yake imebomolewa, fedha hakuna. Terentia akamwandikia kwamba atauza kijiji chake kupata pesa. Jibu la Cicero tunalo. Analia, anamsihi asiuze, anauliza mtoto wao wa kiume atabaki na nini. Ukisoma barua ile ukiwa na mume wa riwaya kichwani utajiuliza mbona hamkatazi tu. Hakuwa na uwezo huo. Kijiji kilikuwa cha Terentia, na mume mwenye mali kidogo kuliko mkewe hana budi kubembeleza.

Talaka yenyewe haikuhitaji hakimu. Mmoja akitaka ndoa iishe na akaonyesha hivyo, imekwisha. Desturi ilikuwa kutuma mtu na maneno ya kumwambia mwenzako achukue vitu vyake. Mke aliweza kuanzisha. Na baba wa mke pia aliweza, hata wanandoa wakiwa wanapendana. Mpaka katikati ya karne ya 2, chini ya Kaisari Antoninus Pius, ndipo baba alipozuiwa kuvunja ndoa yenye amani. Mjane naye alisubiri miezi 10 kabla ya kuolewa tena, eda ndefu kuliko ile tunayoijua, na sababu mojawapo ni ileile: mtoto atakayezaliwa ajulikane ni wa nani.

Tullia

Sheria ikisomwa peke yake hudanganya, kwa hiyo tuingie kwenye nyumba moja tunayoijua vizuri kuliko nyingine zote za Roma.

Mwaka 51 K.K. Cicero alipelekwa kuwa gavana wa Cilicia, kusini mwa Uturuki ya leo. Nyuma aliwaacha Terentia na Tullia. Binti huyo alikuwa hajafika miaka 30 na alikwisha kuolewa mara mbili: mume wa kwanza, Piso, alifariki, wa pili, Crassipes, waliachana. Alihitaji mume wa tatu, na baba yuko mbali kwa barua za miezi. Cicero akawaambia wanawake wafanye watakavyoona inafaa. Kisha Tiberius Nero, kijana wa ukoo mkubwa, akamletea Cicero posa kule Cilicia. Cicero akaipenda, akatuma watu anaowaamini wapeleke habari nyumbani. Walipofika Roma, uchumba ulikwisha fungwa na mwanamume mwingine.

Mwanamume huyo alikuwa Dolabella, kijana mzuri wa sura, mwenye madeni na sifa ya uasherati. Kibaya zaidi, wakati huohuo Dolabella alikuwa anamshtaki mahakamani Appius Claudius, gavana aliyemtangulia Cicero kule Cilicia, ambaye Cicero alikuwa anajitahidi kumlainisha kwa barua tamutamu. Akalazimika kumwandikia Appius kujieleza kuhusu mkwe aliyepatikana bila yeye kujua. Kisheria ndoa haikufaa bila idhini yake. Kwa vitendo, mama na binti waliamua, na mwenye mamlaka ya baba akatoa baraka kwa jambo lililokwisha kufanyika. Baadaye akamwandikia rafiki yake Atticus kwamba mkwe huyo anawapendeza wote watatu.

Haikudumu. Dos ililipwa kwa mafungu ya kila mwaka, na Cicero anaonekana kwenye barua zake akiumia kichwa kuhusu fungu la tatu: alipe kwa mkwe anayemtesa binti, au avunje ndoa sasa, wakati Dolabella ni mtu wa Caesar na yeye Cicero, aliyekuwa upande ulioshindwa vitani, yuko kwenye bandari ya Brundisium akisubiri msamaha wa huyohuyo Caesar? Juni mwaka 47 K.K. Tullia alisafiri mpaka Brundisium kumwona baba yake. Cicero aliandika kwamba wema wa binti ulimwongezea uchungu, kwa sababu kosa lililomfikisha hapo lilikuwa la baba. Walichozungumza wawili hao hakuna aliyekiandika.

Talaka ikaja mwishoni mwa mwaka 46, Tullia akiwa mjamzito. Januari akajifungua mtoto wa kiume, na Februari mwaka 45 akafa kwenye nyumba ya baba yake huko Tusculum. Kwa sheria mtoto alikuwa wa Dolabella, wa ukoo wa baba, na anatajwa kwa jina la Lentulus. Babu aliyekuwa akililia kaburi la binti alikuwa pia, katika miezi hiyohiyo, anaandika barua za kistaarabu kwa aliyekuwa mkwe wake huku anadai dos irudishwe.

Katika mkusanyo wa barua za Cicero kuna 24 alizowaandikia watu wa nyumbani kwake, nyingi zikienda kwa Terentia. Za kutoka kwa Terentia hazikubaki. Za Tullia hazikubaki. Tunasikia upande mmoja wa mazungumzo, kama mtu aliyeketi karibu na anayepiga simu. Mwandishi wa riwaya ana haki kamili ya kuingia kwenye upande ule mwingine, na mimi nataka aingie. Ila asiniletee Tullia anayelia kwa kulazimishwa kuolewa na mzee. Tullia wa barua alikuwa na mama mwenye pesa zake, baba aliyempenda kuliko ndoa zake mwenyewe, na mume ambaye nyumba ya wanawake ndiyo iliyomchagua, vibaya. Huzuni ya kweli iko hapo.

Baba akifa

Wengi walifiwa na baba mapema. Mwanamke asiyekuwa mkononi mwa mume, baba akifa, alikuwa mtu wake mwenyewe: anamiliki, anarithi, anakopesha. Lakini alipewa msimamizi, tutor, ambaye kibali chake kilihitajika kwa mambo makubwa kama kuandika wosia au kuuza ardhi ya Italia na watumwa. Haikuwa lazima msimamizi huyo awe mume. Usimamizi huu ulichakaa haraka. Mwaka 63 K.K. Cicero alitania mahakamani kwamba wanasheria wamebuni wasimamizi wanaosimamiwa na wanawake. Gaius alisema waziwazi kwamba ile sababu ya wanawake kuwa na akili nyepesi ni ya kusikika vizuri tu, haina ukweli. Kaisari Augustus aliwatoa kwenye usimamizi wanawake waliozaliwa huru wenye watoto watatu, na walioachwa huru wenye wanne.

Kisa kinachoonyesha jinsi nyuzi hizi zinavyoshikana kimechongwa kwenye jiwe la kaburi huko Roma. Mume anamsifu mke waliyeishi naye miaka 41. Majina yao yamepotea, ingawa wasomi wa zamani walimwita Turia. Wazazi wa mwanamke waliuawa kabla ya harusi, naye akahakikisha wauaji wameadhibiwa. Kisha ndugu wakaja na hoja kwamba wosia wa baba yake umevunjika, kwa kuwa baada ya kuuandika baba alimwingiza mkewe mkononi kwa ile njia ya mauziano. Ikikubalika, binti angeangukia chini ya usimamizi wa watu hao, na mali pamoja naye. Akasimama akabisha hoja kwa hoja mpaka wakaacha. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alimwokoa mumewe aliyewindwa, akajitupa miguuni pa Lepidus, mmoja wa wakubwa watatu walioshika Roma wakati huo, akaburutwa na kupigwa. Na kwa kuwa hawakupata mtoto, alijitolea kuachika, amtafutie mume mke mwingine, awalee watoto wa huyo kama wake, mali ibaki pamoja. Mume anasema nusura apate wazimu kwa kusikia hivyo. Mwandishi akibuni mwanamke wa namna hii, mhariri angemwambia apunguze.

Mama na mtoto

Mtoto ni wa ukoo wa baba. Talaka ikitokea, mama anaondoka na dos, mtoto anabaki. Yule Tiberius Nero ambaye posa yake ilichelewa kwa Tullia alikuja kumwoa Livia. Mwaka 38 K.K. Livia, mjamzito, akaachika na kuolewa na Octavian, Kaisari Augustus wa baadaye. Octavian mwenyewe alikuwa amemwacha Scribonia siku ileile alipomzaa Julia. Livia alimzaa Drusus kwenye nyumba ya mume mpya, na mtoto akapelekwa kwa baba yake, alikokuwa kaka yake Tiberius. Livia alipata wanawe pale tu baba yao alipofariki miaka mitano baadaye. Kwa hiyo katika nyumba hiyo moja kulikuwa na mama anayemlea Julia wa mwanamke mwingine huku wanawe mwenyewe wako mtaa wa pili, na Scribonia yuko nje kabisa. Riwaya humfanya Livia mpika sumu. Mimi ningeanzia kwenye miaka mitano ile.

Hata urithi ulifuata ukoo. Kwa ndoa isiyo na mkono, mama akifa bila wosia mali yake ilielekea kwa ndugu zake wa kiumeni. Ni mwaka 178 B.K. tu ndipo uamuzi wa Seneti ulipowaweka watoto mbele katika urithi wa mama yao.

Waliokuwa chini ya dari hiyohiyo

Yote niliyoeleza ni ya raia huru. Nywele za Tullia zilisukwa na mjakazi, na watoto wa nyumba kama ile walinyonyeshwa mara nyingi na mjakazi, na kwa huyo swali la "wa nani" lilikuwa na jibu fupi. Hakuwa na ndoa mbele ya sheria. Mwenzake alikuwa mwenzake kwa hisani ya bwana, na mtoto aliyemzaa alikuwa mali ya mwenye nyumba. Dirisha lilikuwa kuachwa huru. Sheria ya mwaka 4 B.K. ilizuia kumwacha huru kikamilifu mtumwa wa chini ya miaka 30 bila sababu nzito, na kutaka kumwoa kulihesabiwa sababu nzito. Lakini aliyeachwa huru kisha akaolewa na bwana wake, sheria ya Augustus haikumruhusu kumwacha na kuolewa kwingine bila ridhaa yake. Ule uhuru wa talaka niliousifu juu haukumfikia.

Mmoja wao tunaujua mwili wake kwa jiwe. Huko South Shields, kaskazini mwa Uingereza, karibu na ukuta wa Hadrian, mtu wa Palmyra katika Syria aitwaye Barates alimzika Regina, mwanamke wa kabila la Catuvellauni, aliyekufa na miaka 30. Amechongwa ameketi kwenye kiti cha heshima, kikapu cha sufu pembeni, mkononi ana pia ya kusokotea, kijisanduku karibu na mkono wa kulia. Ni picha ya bibi wa Kirumi kwa kila kipimo, isipokuwa uso, ambao umevunjika. Maandishi ya Kilatini yanasema alikuwa mwachwa huru wake na mke wake. Chini yake Barates akaongeza mstari kwa lugha ya kwao, ambayo ni wachache sana mjini pale wangeweza kuisoma: Regina, mwachwa huru wa Barates, ole.